Mgonjwa na Ndugu Zake

Kila mtu wa upande wa Wamaza amekwisha kuona jambo hili njiani. Mgonjwa amelazwa juu ya tipoi, au ameketishwa nyuma ya baisikeli na kufungwa kwa kitenge asianguke, na watu wanamfuata. Mmoja ameshika sufuria, mwingine mkeka, mwingine kuku. Nyuma kabisa anakuja bibi yake na kifurushi cha unga wa mihogo. Wakifika zahanati, mwuguzi anawaangalia na kusema: "Mgonjwa ni mmoja, mbona mmekuja saba?" Nao hushangaa kuulizwa hivyo. Kwao jambo la ajabu lingekuwa mgonjwa kuja peke yake.

Je, watu hao saba ni mzigo tu, au ni sehemu ya dawa? Twauliza hivyo si kwa kutaka mabishano. Katika nchi yetu ya Kasongo na Kabambare wako wengi wenye majeraha yasiyoonekana kwa macho. Uasi wa mwaka 1964 ulipita kwetu. Vita ya 1996 ilipita, na ile iliyoanza 1998 hata 2003 ikakaa. Na hata baada ya hapo, upande wa Salamabila penye dhahabu, watu wenye silaha waliendelea kuwatesa raia. Yuko baba asiyelala usiku. Yuko mama asiyetaka tena kwenda shambani, kwa sababu ya jambo lililompata huko. Yuko kijana aliyerudi kutoka msituni, akaa kimya kutwa, na upepo ukipiga mlango anaruka. Kwa watu hao vidonge peke yake havitoshi. Wahitaji kufarijiwa na kushauriwa. Lakini na nani, na kwa njia gani?

Wako wanaosema: waletwe wataalamu, kila mtu aitwe peke yake chumbani, aulizwe maswali, mambo yaandikwe karatasini. Wako wengine wanaosema: hapana, desturi ya wazee yatosha, baraza la ukoo litamaliza yote. Tumesikia maneno haya na yale, na tumeona ni vema kukichunguza pamoja nanyi kitabu kimoja kinachohusu jambo hili hasa. Tutasema kilicho chema ndani yake, kisha tutasema pale tusipoweza kukifuata.

KITABU CHENYEWE

Kitabu hiki kiliandikwa na Mmarekani mmoja, John M. Janzen, mtaalamu wa desturi za mataifa, akisaidiwa na mganga wa hospitali, Dokta Arkinstall. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1978, na mwaka 1995 kikatoka kwa Kifaransa kwa jina la *La quête de la thérapie au Bas-Zaïre*, maana yake kutafuta uponyaji katika Zaire ya Chini. Basi habari zake ni za Wakongo wa Manianga, karibu na mto mkubwa upande wa magharibi, mbali sana na sisi. Hata hivyo msomaji wa Kasongo akikifungua ataona kama anasoma habari za majirani zake.

Bwana Janzen hakwenda kuwauliza waganga tu siri za mizizi na majani, kama walivyofanya wengi kabla yake. Aliwafuata wagonjwa. Aliangalia mtu mmoja tangu siku alipoanza kuumwa: nani alikuja kumwona, nani alisema apelekwe hospitali, nani alisema apelekwe kwa mganga wa kienyeji, nani alilipa, na nani alikataa. Katika kufuata hivyo aligundua jambo ambalo wageni wengi hawakulitambua. Mtu akiugua vibaya, haki ya kuamua hutoka mikononi mwake na kwenda kwa ndugu zake. Upande wa mama na upande wa baba hukutana, hushauriana, humchagulia njia. Mganga hubadilishwa, dawa hubadilishwa, lakini wale ndugu hubaki. Ndio wasimamizi wa matibabu yake tangu mwanzo hata mwisho.

Aliandika pia kwamba Wakongo hao hutenga magonjwa mafungu mawili: ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa mtu. Ugonjwa wa Mungu ni ule unaokuja wenyewe tu na kusikia dawa bila matata. Ugonjwa wa mtu ni ule unaokawia na kukataa dawa; hapo watu husema kwamba pana ugomvi, kijicho, deni au laana kati ya watu, na mwili hautapona mpaka mambo hayo yapatanishwe. Nani kwetu hajasikia maneno kama hayo? Homa ikipita wiki mbili, wazee huanza kuulizana nani amegombana na nani.

WEMA WAKE

Kwanza, kitabu hiki kina heshima. Hakimcheki mtu anayetoka hospitalini na kwenda kwa mganga na kurudi tena hospitalini. Chaonyesha kwamba watu hao hawana wazimu wala ujinga: wanatafuta uzima mahali popote wanapotumaini kuupata. Muuguzi au padri akikisoma atajifunza kwanza kusikiliza, ndipo akemee.

Pili, kinafundisha kwamba ugonjwa wa mtu mmoja una mizizi katika maisha yake pamoja na wengine. Hilo si jambo la kipagani. Katika Injili ya Marko, yule mwenye kupooza hakujileta mwenyewe mbele ya Yesu. Watu wanne walimchukua, wakapanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamteremsha. Marko anasema Bwana aliiona imani yao, yaani imani ya wale wachukuzi, ndipo akasema na mgonjwa. Na katika Injili ya Yohane, yule aliyelala penye birika la Bethzatha miaka 38 alipoulizwa kama anataka kupona, alieleza shida yake ya kwanza: hana mtu. Maji yalikuwapo, mtu wa kumtia majini ndiye hakuwapo. Basi mwenye kusema kwamba kumzunguka mgonjwa ni desturi ya washamba tu, na asome Maandiko tena.

Tatu, maneno ya kitabu yanapata nguvu kutokana na mambo mengine yaliyoonekana baadaye, tena karibu nasi. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya katika vijiji vya Kivu ya Kusini kwa ajili ya wanawake walioteswa kwa ubakaji. Wanawake 405 walihesabiwa katika kazi hiyo. Katika vijiji saba, wanawake 157 walikutana na msaidizi mara moja peke yao, halafu mara kumi na moja katika kundi la wenzao. Katika vijiji vinane, wanawake 248 walisaidiwa kila mmoja peke yake. Wasaidizi wote walikuwa wanawake wa Kongo, si wageni, na wengi wa waliosaidiwa hawakujua kusoma, kwa hiyo mafundisho yalipunguzwa yakawa mepesi ya kushikwa kichwani. Wote walipata nafuu. Lakini baada ya miezi sita, kati ya wale wa makundi, 9 kwa mia tu walikuwa bado na dalili kubwa za huzuni au hofu. Kati ya wale wengine walikuwa 42 kwa mia.

Tuwe waangalifu. Hatusemi kwamba kuketi pamoja peke yake ndiko kulikoponya, kwa maana makundi yale yalikuwa na mafundisho yao maalum, yaliyopangwa na watu wenye elimu. Lakini neno moja latupasa kulikubali: mafundisho yale yalifanya kazi kijijini, katika kundi, kwa lugha ya watu, kwa mkono wa wanawake wa nchi hii. Wale wanaodhani kwamba mtu wetu hawezi kusaidiwa ila na mtaalamu wa mbali katika chumba cha mbali, wamejibiwa.

PALE TUSIPOKUBALI

Sasa tugeukie upande wa pili. Bwana Janzen ni mwandishi mkweli, na hafichi kwamba ndugu wakati mwingine hugombana juu ya kitanda cha mgonjwa. Lakini katika kuwasifu wasimamizi hao, sauti ya mgonjwa mwenyewe inasikika kidogo mno. Yeye ndiye anayechukuliwa, ndiye anayeamuliwa. Kwa mtu mwenye homa asiyejua yuko wapi, hilo ni rehema. Kwa mtu mwenye jeraha la aibu, laweza kuwa jeraha la pili.

Tutoe mfano. Hatutaji mtu, maana jambo hili limewapata wengi. Msichana amekwenda kuchota maji, ameshikwa na mtu mwenye nguvu. Anarudi nyumbani analia. Mama yake anamwambia baba mkubwa. Baba mkubwa anasema: "Nyamazeni, tungoje ndugu wa Kabambare wafike, tufanye baraza." Siku ya kwanza inapita. Siku ya pili wajomba wanafika. Siku ya tatu baraza linakaa, na jamaa ya mtenda mabaya inaitwa. Wanasemezana mpaka jioni. Mbuzi watatu wanatolewa na fedha kidogo, pombe inanywewa, wazee wanashikana mikono na kusema: "Jambo limekwisha."

Limekwisha kwa nani? Wazee wamepatana. Jamaa mbili hazitapigana. Lakini siku hizo tatu ni saa 72, na saa 72 ndiyo mpaka wa dawa zile za kumkinga mtu aliyebakwa asiambukizwe virusi vya ukimwi. Zikipita, dawa hizo hazifai tena. Baraza lilipokuwa likihesabu mbuzi, mlango wa zahanati ulikuwa unafungwa. Na yule msichana, je, aliulizwa? Aliketi ndani akisikia sauti za wanaume nje, na kesho yake atapishana njiani na yule aliyemtesa, naye hana ruhusa ya kunung'unika kwa sababu jambo limekwisha. Wengine hutenda vibaya zaidi: wanamwoza binti kwa mtu yule yule, na kuita jambo hilo heshima.

Tusiseme kwamba huu ni uponyaji wa desturi. Hii ni amani ya wakubwa iliyonunuliwa kwa mwili wa mdogo. Hata serikali yakataza: sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ubakaji zasema kwamba kesi ya namna hiyo haizimwi kwa kulipa faini. Na Mkristo hana haja ya kungoja sheria ya serikali ili ajue. Amri ya Mungu yatosha.

Jambo la pili tusilokubali ni lile la ugonjwa wa mtu. Kweli, ugomvi na uchungu huweza kumdhoofisha mtu. Kweli, mara nyingi kupatana ni dawa. Lakini kutoka "pana ugomvi kati yetu" hata kufika "fulani ndiye anayenila" ni hatua moja tu, na hatua hiyo imemwaga damu nyingi. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa na umati wa watu baada ya kutajwa kuwa walozi na wale watabiri wa kike waitwao bajakazi. Tutazame ni nani hutajwa kwa kawaida. Ni bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea, mjane, yatima anayelishwa kwa shida na mama wa kambo. Ni nadra sana atajwe tajiri au mwenye bunduki, ingawa mwenye bunduki ndiye aliyeleta jeraha. Kitabu kinaeleza fikira hizo kwa utulivu wa mtaalamu, kama mtu aelezavyo njia za mto. Sisi tunaokaa ukingoni hatuwezi kuwa na utulivu huo. Mtu akiponywa kwa kumfukuza mwingine, ugonjwa haukutoka kijijini, umehama nyumba.

Jambo la tatu: kitabu kinadhani ndugu wapo. Kwa Manianga ya siku zile yawezekana ilikuwa hivyo. Kwetu vita imetawanya jamaa. Mjomba alikimbilia Kindu na hakurudi. Kaka yuko kwenye machimbo. Shangazi amezikwa msituni na kaburi lake halijulikani. Mtu anaugua, na wale saba wa tipoi hawapo. Tena methali yasema: kikulacho ki nguoni mwako. Kuna waliojeruhiwa na ndugu wenyewe, na kwao baraza la ukoo ni kama kumrudisha kondoo penye chui. Basi watu hao wachukuliwe na nani?

MARAFIKI WA AYUBU

Kabla ya kujibu, tuwaambie pia neno wale wanaokuja na karatasi. Tunawashukuru, kwa maana wanakuja kwa wema, na pengine kwa hatari. Lakini tumeona mtu akiulizwa habari ya siku yake mbaya leo na huyu, kesho na yule, wiki ijayo na wa tatu, na wote wakiandika, na hakuna hata mmoja aliyerudi. Kumfungua mtu jeraha na kwenda zako si kumfariji. Mwenye kuuliza na awe tayari kukaa.

Kitabu cha Ayubu chatuonyesha washauri wa namna mbili ndani ya watu wale wale. Marafiki watatu walisikia mabaya yaliyompata, wakatoka kila mmoja kwao, wakaja. Walipomwona walilia, wakaketi chini pamoja naye siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkuu. Mpaka hapo ni washauri wema kabisa. Sisi watu wa Maniema twaijua kazi hiyo: kilio kikitokea, watu hulala kiwanjani penye msiba, moto unawaka, anayeweza kusema anasema, asiyeweza anakaa tu.

Lakini baada ya siku saba wale marafiki walifungua midomo yao, na hapo wakaharibu yote. Walianza kutafuta kosa la Ayubu. Lazima ulitenda neno, walimwambia, maana Mungu hamtesi mtu bure. Mwishoni Mungu mwenyewe aliwakasirikia, akaagiza Ayubu awaombee. Wasomaji wapenzi, mara ngapi nasi twafanya hivyo! "Ulikwenda shambani peke yako kwa nini?" "Ulivaa nini?" "Jambo gani ulilomkosea babu yako hata mtoto wako anaumwa hivi?" Wapo hata Wakristo wanaosali sana, ambao wakimtembelea mgonjwa wanaanza kumchungua dhambi zake kama hakimu. Siku saba za kukaa naye zinapotea kwa swali moja.

SHIRIKA LETU

Basi nani atawachukua wasio na wachukuzi? Twaamini Kanisa limekwisha kuandaa jibu, ila sisi hatujalitumia vema. Mwaka 1961, kabla hata Mtaguso Mkuu haujaanza, maaskofu wa Kongo waliazimu kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo zenye uhai, mahali watu wanapoishi. Ndizo hizi tunazoziita shirika. Kwa wengi wetu shirika limekuwa mahali pa kusali rozari na kukusanya sadaka ya parokia. Hayo ni mema, lakini hayatoshi. Shirika ni nyumba kumi au ishirini zinazojuana. Ni wale saba wa tipoi kwa mtu ambaye ndugu zake wametawanyika.

Tena tuikumbuke Sakramenti ya wagonjwa. Wazee wetu waliiita mpako wa mwisho, na padri akionekana na mafuta watu walianza kulia, wakisema mgonjwa amekwisha. Mtaguso mwaka 1963 ulifundisha kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na Papa Paulo wa Sita mwaka 1972 akaitengeneza upya ibada yake. Mtakatifu Yakobo katika barua yake anaagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Angalieni: ni mgonjwa anayewaita. Yeye ndiye anayeanza. Na wanaokuja si mtu mmoja. Mambo yote mawili yapo katika mstari mmoja mfupi: hiari ya mgonjwa na mkusanyiko wa jamaa. Hivyo ndivyo tunavyopenda kukisahihisha kitabu cha Bwana Janzen. Ndugu wawepo, ndiyo. Lakini waitwe na mgonjwa, na wamwulize yeye.

Yatupasa tuseme mambo haya kwa vitendo, yasibaki maneno. Kila shirika lijiwekee kanuni nne hivi.

Kwanza, mwili kabla ya baraza. Mtu akiteswa, apelekwe zahanati siku ile ile, hata usiku, hata ikiwa ndugu hawajafika. Baraza likae baadaye. Kasongo ina sifa katika habari za matibabu: tangu mwaka 1971 waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp walifanya kazi huko pamoja na wauguzi wetu, wakionyesha jinsi vituo vidogo vya afya vilivyo karibu na watu vinavyoweza kushikamana na hospitali moja, na habari za kazi ile zilisomwa katika nchi nyingi. Isiwe aibu kwetu kwamba wengine wamejifunza kwetu kuikaribia zahanati, na sisi twaipita.

Pili, aulizwe mwenyewe. Anataka nani ajue? Anataka kusema leo, au kukaa tu? Anataka kumshitaki aliyemtenda? Jibu lake lishikwe, hata kama wazee hawakulipenda. Na siri yake itunzwe. Kijijini siri haina mlango, sote twajua. Kwa hiyo ni vema shirika lichague mama mmoja au wawili wenye midomo migumu, watu ambao maneno yakiingia kwao hayatoki, na hao ndio wawe wa kwanza kukaa na mwenye jeraha. Padri hufungwa na siri ya Kitubio. Mama hao hawafungwi na sakramenti, lakini wafungwe na heshima.

Tatu, tusitafute mkosaji ndani ya mgonjwa, wala ndani ya bibi kizee wa jirani. Mwenye kutaja mtu kuwa mlozi katika mkutano wa shirika aambiwe anyamaze mara moja, hata akiwa tajiri, hata akiwa mwimbaji mzuri wa kwaya.

Nne, mikono ije pamoja na maneno. Mwenye huzuni kubwa hashiki jembe. Msimu wa mpunga unapita, na njaa inaongeza huzuni. Kumlimia, kumchotea maji, kumpikia watoto wake sombe na ugali, ni sehemu ya ushauri. Mara nyingi ndiyo inayofungua kinywa. Mama anayetwanga mihogo pamoja na mwenzake husikia mambo ambayo mwenye karatasi hatayasikia kamwe.

Je, tunapenda kusema kwamba wataalamu hawana kazi? La, hasha. Wako wenye kiwewe kikubwa, wanaotaka kujiua, wanaosikia sauti, wanaopiga watu. Hao wapelekwe kwa wenye elimu bila kukawia, na shirika lifuatane nao, na liwapokee wakirudi. Kufukuza elimu kwa jina la desturi ni kiburi, kama vile kufukuza desturi kwa jina la elimu. Mwenye akili achukue mkeka wa huku na dawa ya kule.

Tumalizie kwa kumkumbuka mmoja wa wachungaji wetu. Askofu Christophe Munzihirwa alikuwa askofu wa Kasongo kabla ya kufanywa Askofu Mkuu wa Bukavu mwaka 1994. Vita ilipokaribia mji wa Bukavu hakukimbia. Alikaa na watu wake, akisema nao na kuwatetea, mpaka alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Hakuwa na dawa ya vita ile. Alikuwa na jambo moja tu la kuwapa wenye hofu: hakuwaacha.

Nasi kitabu cha Bwana Janzen twakisifu kwa kutukumbusha wale saba njiani. Mwenye kujua Kifaransa na akisome, na kisha awaeleze wengine katika shirika lake. Lakini akikifunga atoke nje, aangalie ni nyumba gani kijijini ambayo mlango wake haujafunguliwa tangu juzi. Abishe hodi hapo. Akifunguliwa, aketi. Na asianze yeye kusema.